Yatupasa Kusema Nini juu ya Muziki Tuliousikia?

Hapa kwetu Mkuu, Rombo, sisi walimu wachache tuna desturi ya kukutana jioni ya Jumamosi katika nyumba ya mwenzetu mmoja, ili kusikiliza muziki wa mabingwa wa Ulaya wa zamani. Katika siku za santuri za kwanza, upande mmoja wa sahani ulichukua muziki wa dakika chache tu, kisha hapana budi mtu ainuke kuigeuza. Sisi twasikiliza kwa simu na spika ndogo iliyowekwa juu ya meza, na muziki wa saa nzima hupita bila mtu kuinuka. Muziki ukiisha, kila mmoja huulizwa, "Umesikia nini?" Swali hili ndilo nitakalo kulinena, maana limenifundisha ya kuwa hata katika jambo la starehe mtu aweza kumkosea mwenzake.

Jioni moja twalisikiliza kazi ya kinanda ya Johann Sebastian Bach, Mjerumani, iliyopigwa chapa mwaka 1741, ambayo watu wameizoea kwa jina la Goldberg. Kwanza huja wimbo mmoja wa polepole. Kisha hufuata mageuzi 30, yaliyojengwa juu ya sauti za chini za wimbo ule, kila moja kwa namna yake. Mpigaji alikuwa Glenn Gould wa Kanada, naye katika mwaka 1955 aliipiga kazi hii kwa upesi mno, hata ikaisha kwa dakika 38 hivi.

Mimi nalikuwa nimekwisha kusoma habari za kazi hiyo tangu mchana. Basi nilipoulizwa, nalitoa maneno mazuri juu ya mpango wake na ufundi wake, na wenzangu wakaitikia kwa vichwa. Lakini kweli ni hii: baada ya mageuzi kumi masikio yangu yalikuwa yamechoka, nami nalikuwa nikiwaza madaftari ya wanafunzi ambayo sijayasahihisha.

Kisha akaulizwa mwalimu kijana, mgeni katika shule yetu. Akasema, "Mimi nimesikia mtu anayekimbia. Sikujua anakimbilia wapi, nami nimechoka." Tukacheka sote, na mimi nalicheka kwa sauti kuliko wengine.

Mama yake mwenye nyumba, mtu mzima sana, alikuwa ameketi penye mlango akichambua maharagwe. Akasema, "Wanangu, mbona ule wimbo wa kwanza umerudi mwishoni?" Nikamjibu kwa adabu, "Hapana, Mama, huo ulikuwa mwingine." Mwenye nyumba akaurudisha mwisho, kisha akaweka mwanzo. Kumbe ni ule ule! Bach aliagiza ya kwamba, baada ya mageuzi yote 30, wimbo wa kwanza upigwe tena. Na jambo hilo nalo lilikuwamo katika yale niliyoyasoma mchana. Mimi nalilisoma, wala sikulisikia. Yeye hakulisoma, naye alilisikia huku mikono yake i kazini.

Usiku ule nalirudi nyumbani na haya, nikajiuliza kosa langu ni nini hasa. Sisi walimu twamjua mwanafunzi anayenakili hesabu ya mwenzake. Jibu ni sahihi, lakini si lake, na mwalimu akimwuliza amelipataje, hana la kusema. Mimi nalifanya vivyo hivyo, tena vibaya zaidi. Mwanafunzi huyo aweza kukamatwa kwa swali moja, lakini mtu asemaye, "Nimesikia hivi, nimeguswa hivi," nani atamkamata? Moyo wa mtu hauna mkaguzi. Kwa sababu hiyo nadhani uongo juu ya moyo wetu wenyewe watupasa kuuogopa zaidi, kwa kuwa hauna wa kutuonya ila sisi wenyewe.

Labda msomaji ataniambia, "Mwalimu, waongeza mambo madogo. Akili ni nywele, kila mtu ana zake; na masikio ni vivyo hivyo. Mmoja apenda, mwingine hapendi, basi yamekwisha." Mimi nami nalikuwa nikisema hivyo zamani. Lakini tuangalie mbege yetu. Mzee akionja akasema, "Hii siipendi," hapana wa kumpinga, maana ulimi ni wake. Bali akisema, "Hii imepitiwa na siku, imechacha," hapo asema habari za mbege yenyewe, na mwingine aweza kuonja akakubali au akakanusha. Maneno haya ni mawili, wala si moja. Kupenda ni kwangu mimi. Kitu nilichokionja ni chetu sote. Vivyo hivyo yule mama hakutuambia kama aliupenda muziki ule au hakuupenda. Alituambia jambo lililokuwamo ndani yake, nasi twalipolichunguza twalikuta ni kweli. Kwa hiyo si haki kusema kwamba juu ya muziki hakuna kweli wala uongo.

Sasa nirudi kwa yule kijana. Jumamosi ya pili hakuja, wala ya tatu. Siku ya soko nikakutana naye, nikamwuliza sababu. Akaniambia, "Mwalimu, hamkunicheka kwa sababu sikupenda. Mlinicheka kwa sababu nilisema. Lakini nitakuja tena, na nikiulizwa nitasema nimependa sana, ili tukae kwa amani."

Maneno hayo yalinichoma. Nalikuwa nikidhani ya kuwa tumefanya makosa mawili yasiyohusiana, moja langu la kusema uongo, na moja letu sote la kumcheka mwenzetu. Kumbe la pili ndilo lizaalo la kwanza. Nami nilijuaje kutoa maneno ya kuazima jioni ile? Ni kwa kuwa nami zamani nalichekwa chuoni, nikajifunza kusoma kwanza nipate kujua yanipasayo kupenda. Na sasa nalikuwa nikimfundisha mwingine somo lile lile, bila ubao wala chaki.

Nikamwomba radhi pale pale njiani. Kisha nikamwambia habari niliyokuwa nimeipata baadaye. Katika mwaka 1981 Glenn Gould aliipiga tena kazi ile ile ili sauti yake inaswe, na safari hii ilichukua dakika 51. Alipokuwa mtu mzima hakuridhika tena na mwendo wa ujana wake. Mwaka uliofuata akafa, akiwa na umri wa miaka 50. Basi kijana wetu aliyesema kwamba amesikia mtu anayekimbia hakuwa mjinga. Alisikia jambo la kweli, nasi twalilicheka.

Jumamosi iliyofuata alikuja, tukasikiliza ule mpigo wa pili. Alipoulizwa alifikiri kidogo, akasema, "Leo anatembea, na mahali pengine nimetembea naye. Lakini katikati nimempoteza." Hakuna aliyecheka. Mwenzetu mmoja, mwenye umri kuliko sote, akasema, "Nami nimempoteza papo hapo, tena tangu miaka mingi." Tukaparudia mahali hapo mara mbili, na baada ya hapo tulizungumza mpaka taa za jirani zikazimwa. Katika mikutano yetu yote ya nyuma hatujapata kuzungumza hivyo.

Wako wasemao kwamba muziki huu ni wa Wazungu, wala hautuhusu kuuamua. Lakini kwaya zetu nyingi huimba kwa Kiswahili ile Haleluya ya Handel, iliyosikiwa na watu kwa mara ya kwanza huko Dublin mwaka 1742, na mwimbaji wa sauti ya nne ajua vema mahali panapomshinda pumzi. Hahitaji ruhusa ya mtu ili aseme hivyo. Wala wako wengine, na mimi nalikuwa mmoja wao, wautumiao muziki huu kama kiti kirefu cha kukalia juu ya wenzao. Wote wawili wanakwepa kazi moja, nayo ni kusikiliza.

Basi katika mkutano wetu mdogo tumekubaliana mambo haya. Mtu aseme kwanza alichokisikia, kisha alichokipenda. Asiyesikia kitu aseme, "Sikusikia," wala asione haya. Aliyesoma aseme, "Hili nimelisoma." Na likitokea neno la ajabu, kabla ya kulicheka tupige muziki tena. Yule mama naye tumemwekea kiti ndani, karibu na meza, ingawa yeye asema penye mlango pana mwanga mzuri zaidi kwa maharagwe yake.

Mimi sijapona kabisa. Jumamosi iliyopita nalihisi neno zuri la kuazima linanijia mdomoni, nikalimeza kwa shida. Walio na mawazo mengine juu ya jambo hili na waandike, nasi tutayasoma kwa furaha.