Hoja Isipofika

Somo: Ayubu 2:7–13, 42:7–10



Mwezi Septemba 1930, wataalamu wa hisabati na falsafa walikutana Königsberg, Ujerumani, kujadili misingi ya elimu yao. Bingwa wa zama zile, David Hilbert, aliamini kwamba hisabati yote ingeweza kuwekewa kanuni chache zilizo wazi, na kila swali lake likajibiwa kwa kuzifuata hatua kwa hatua. Siku hizo hizo, kijana wa miaka 24, Kurt Gödel, akasema neno fupi ambalo wachache tu walilishika. Mwaka 1931 akalichapisha pamoja na uthibitisho wake: mfumo wowote wa kanuni zilizo wazi namna hiyo unaotosha kubeba hesabu za kawaida za namba nzima, mradi haujipingi, utakuwa na kauli ambazo hauwezi kuzithibitisha wala kuzikanusha. Wala hauwezi, kwa kanuni zake wenyewe, kuthibitisha kwamba haujipingi.

Wapo wahubiri wanaolichukua jambo hili na kutangaza kwamba sayansi imeshindwa. Tusifanye hivyo. Gödel alizungumzia mifumo ya hesabu, na alifika huko kwa mantiki ya hisabati yenyewe, kwa uangalifu unaotupasa sisi wa mimbarini kuuiga. Akili ni karama ya Mungu. Ninachojifunza kwake ni kwamba hata kwenye namba, kuwa kweli ni jambo moja na kuthibitishika ni jingine. Basi mbona tunamdai mtu aliye hai athibitishe yaliyomo moyoni mwake ndipo tumsadiki?

Ingia wodini. Muuguzi anamwuliza mama aliyetoka kufanyiwa upasuaji: maumivu yako, kuanzia sifuri hadi kumi, ni ngapi? Mama anafumba macho, anashika ukingo wa kitanda, anasema saba. Namba inaandikwa kwenye faili, na ina kazi yake, maana dawa itapangwa kwa kuitazama. Lakini anayeumwa ile saba ni yeye peke yake. Mwaka 1974 mwanafalsafa wa Marekani, Thomas Nagel, aliandika juu ya popo: waweza kujua kila kitu kuhusu mwili wake, na namna anavyotambua njia gizani kwa mwangwi wa sauti yake, na bado usijue maisha ya popo yakoje kwa popo mwenyewe. Wanaochunguza ubongo wamegundua mengi tangu hapo, nami nawashukuru. Swali la jinsi maisha yalivyo kwa mwenyewe bado lipo.

Katika somo letu, Elifazi, Bildadi na Sofari, rafiki watatu waliomjia Ayubu katika mateso yake, walikuwa watu wa hoja. Walianza vema: walikaa chini pamoja na Ayubu siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkuu mno. Kisha wakafungua vinywa. Mungu ni wa haki, chini ya Mungu wa haki anayeteswa ni mwovu, Ayubu anateswa, basi Ayubu ni mwovu. Ukiwakubalia mwanzo, huna pa kuponyokea mwishoni. Hoja imenyooka, na ni uongo. Kosa limo kwenye msingi, na msingi huo walikuja nao kutoka kwao. Yule aliyejikuna kwa kigae majivuni mbele yao hakuweza kuwatikisa.

Nasi twawafanyia hivyo wagonjwa na wafiwa wetu. Angekuwa na imani angepona, hakupona, basi hakuwa na imani. Inaniuma kila ninapoisikia, na inaniuma zaidi ikitoka madhabahuni, kwa sababu aliyefiwa anaondoka na mizigo miwili, msiba na hatia.

Bwana alipowakasirikia wale watatu hakuwafundisha hoja iliyo bora. Aliwaagiza wachukue ng'ombe dume saba na kondoo dume saba, waende kwa Ayubu, yule yule waliyemhukumu, ili awaombee.