Zawadi Ndogo na Amana ya Mwili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Ndugu zetu wakaao Kitale na Bungoma wametuletea suali ambalo lawahusu pia watu wa Mombasa, Malindi na Lamu. Wamesema: twataka kutoa katika sadaka za msikiti kipande cha sabuni, au nusu kilo ya sukari, au nauli ya pikipiki, kwa kila mama ampelekaye mtoto wake kuchanjwa siku yake ifikapo, na kwa kila mzee aendaye kupimwa presha. Baadhi yetu wamekataa, wakanena kuwa hiyo ni rushwa, na kuwa mtu hapewi ujira kwa kuiokoa nafsi yake. Je, lipi la haki?

Jawabu letu ni kuwa jambo hili lafaa, kwa masharti tutakayoyataja.

Rushwa ni mali atoayo mtu ili haki igeuzwe batili, au apate kisicho chake. Mama apewaye sabuni hakumnyang'anya mtu haki yake, wala hakuigeuza hukumu. Hili lafanana zaidi na jiala, yaani ahadi ya malipo kwa atakayetenda kazi maalumu, ambayo wanazuoni wameitolea dalili katika kisa cha Nabii Yusuf, pale ilipoahidiwa shehena ya ngamia kwa atakayelileta kopo la mfalme. Tena sharia yetu imeweka katika zaka fungu la wale wanaovutwa nyoyo zao. Baada ya vita vya Hunain, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) aliwapa baadhi ya wakubwa wa Makureshi ngamia mia mia, na wamo miongoni mwao walioanza kwa kuvutwa na mali kisha wakathibiti kwa imani. Ikiwa moyo wavutwa kwa kipawa katika dini yenyewe, vipi iwe haramu kuuvuta katika chanjo?

Na wanawake wa Madina, walipokuwa wakiwazoeza watoto wao saumu ya Ashura, waliwafanyia vichezeo vya sufi. Mtoto akilia kwa njaa, hupewa kichezeo mpaka wakati wa kufuturu. Hawakusema kuwa nia ya mtoto huyo imeharibika. Waliujua udhaifu wa mwanadamu, wakausaidia.

Na udhaifu wetu katika afya ni huu: hasara ya kwenda twaiona leo, na hasara ya kutokwenda hatuioni. Mtoto atakiwa apelekwe anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha mwezi wa 9 na wa 18. Chanjo hizo hospitali za serikali hazitozi pesa, lakini safari ina gharama yake, khasa wakati wa kupalilia mahindi, mama asipokuwa na mtu wa kumwachia shamba. Mgonjwa atauza mbuzi apate dawa. Mzima huona uzito kutoa hata shilingi 20. Presha nayo haiumi, mpaka siku ya kiharusi.

Wala haya si maneno ya kudhania. Mwaka 2010 wataalamu wawili, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, walichapisha uchunguzi wao juu ya vyandarua katika zahanati za wajawazito za magharibi ya Kenya, Bungoma ikiwamo. Bei ilipopanda kutoka bure hadi shilingi 40, waliochukua vyandarua walipungua kwa watu 60 katika kila 100. Na waliopewa bure hawakuonekana kuvipuuza kuliko walionunua. Na katika uchunguzi wa Siaya uliochapishwa mwaka 2017, watoto waliokamilisha chanjo walikuwa 82 katika 100 pasipotumwa kitu. 86 palipotumwa ukumbusho kwa simu. 86 vilevile palipoongezwa shilingi 75 kwa kila chanjo. Na 90 palipoongezwa shilingi 200. Ni hiyo ya 200 tu ambayo faida yake ilithibitika. Basi fahamuni: zawadi ni ndogo, lakini isiwe duni hata isimpunguzie mtu taabu ya njia.

Ama mwenye kusema kwamba nia imepotea, tutamjibu kuwa chanjo si kama sala. Mtoto aliyeletwa kwa ajili ya sabuni hukingwa na surua sawasawa na aliyeletwa kwa kumcha Mungu. Kilicho mbali ni thawabu, na dawa yake ni kumfundisha mama nia, apate yote mawili.

Sasa masharti. Kwanza, zaka ina watu wake wanane, na wakfu una sharti la aliyeuweka. Basi zawadi hizi zitolewe katika sadaka ya hiari. Pili, asiyeridhika asilazimishwe, bali aelezwe. Mwaka 2014 palipozuka maneno juu ya chanjo ya pepopunda nchini Kenya, watu waliingiwa na shaka, na mwenye shaka ukimwongezea sukari wamwongezea shaka. Tatu, masikini asipigwe picha wala asitangazwe. Nne, hakikisheni kwanza kuwa chanjo ipo. Kumpa mtu nauli akaikute jokofu tupu ni kumdhulumu siku yake.

Ndugu zangu wa mwambao, tuseme kweli. Mtoto akifa, twachanga maelfu kwa pilau ya hitima, na majirani wote huja na mikono yao. Alipokuwa hai, mamake alikosa nauli ya kumfikisha zahanati, wala hakuna aliyemuuliza. Ni ipi katika sadaka hizi mbili iliyomfaa mtoto yule? Mwili ni amana, na amana haihifadhiwi kwa chakula cha matanga.

Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki tuifuate, na atujaalie kuwa wenye kukinga kabla ya kulia. Amin.