Nikabadili Kanga Kwanza

Mtu akiona picha yenye rangi kali siku hizi husema imekolezwa, na mara nyingi hakosei. Kwa kidole kimoja simu inageuza majani makavu kuwa mabichi. Mimi ni mpenzi wa rangi kali, lakini zile ambazo lazima utoke nyumbani ukazifuate. Moyo ukiwa mzito, hizo ndizo zinazoniinua.

Nazifuata Mzenga, wilayani Kisarawe. Ukipita kwa treni ya TAZARA utaona kijani na vumbi, basi. Shuka, uingie kwenye mikorosho wakati wa vuli. Bibo lililoiva linaning'inia, jekundu au la njano, ngozi inang'aa kana kwamba limepakwa mafuta, na korosho yenyewe imejikunja chini yake, ya kijivu. Sogea mpaka bibo lijaze kioo cha simu, kisha punguza mwanga kidogo. Wekundu utakolea wenyewe. Nyuma yake paache majani mabichi, kwani nyekundu haiwaki popote kama inavyowaka mbele ya kijani. Jua la saa saba mchana huzichujua rangi. Nenda asubuhi, au mvua ikikatika, vumbi likiwa limeoshwa.

Ila utajiri mkubwa wa rangi uko kwa watu. Nilimkuta mama mmoja anaanika muhogo mkekani, nikamwomba nimpige picha. "Subiri mwanangu, nikabadili kanga kwanza," akasema. Akatoka na kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe wanayovaa maharusi wa pwani. Muhogo mweupe pe miguuni, mapindo mekundu juu yake. Alikuwa amepinda mgongo kwa kazi. Sasa kasimama wima, kidevu juu, anatabasamu hata kabla sijainua simu. Rangi ilimchangamsha yeye kwanza, mimi nikafuatia.

Tangu siku ile naziangalia kwa huzuni kidogo picha za zamani. Studio kama Capital Art ya Zanzibar, iliyofunguliwa 1930, zilituachia picha nzuri mno za nyeusi na nyeupe. Nyumbani kwetu tunayo moja ya aina hiyo: bibi yangu amejitanda kanga, na hakuna aliyebaki wa kuniambia ilikuwa ya rangi gani.

Wala rangi kali si anasa. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, alichora ndege na wanyama wake jijini Dar es Salaam kwa rangi za kupaka baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Alitumia kilichopatikana dukani, na mpaka leo michoro ya mtindo wake inachangamsha kuta za watu duniani kote.

Najua rangi hailipi ada ya mtoto wala haimponyi mgonjwa. Lakini mnyonge hujifungia ndani, na rangi hazipigwi picha ukiwa chumbani. Utatoka, utapiga hodi, utasalimia, utaombwa kukaa na utapewa muhogo.

Picha ya yule mama niliisafisha nikampelekea. Majirani zake wameshaweka oda ya picha zao, na kila mmoja ametaja kanga atakayovaa.