Yowe na Kodi Yake

Wahenga waliacha methali mbili ambazo hazijapata kukaa chumba kimoja bila ya kugombana. Ya kwanza yasema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ya pili yajibu: mkono mtupu haulambwi. Kwa desturi kila moja hutumiwa mahali pake, na mwenye kuitamka huisahau ile nyingine. Lakini ipo biashara moja ya zama hizi iliyozikutanisha uso kwa uso, nayo ni biashara ya kulipia yowe.

Huko Marekani, katika majangwa ya Utah, milima ya Colorado na nyika za Alaska, wako watu waendao kutembea kwa miguu siku nyingi mahali ambapo simu ya mkononi haishiki mtandao. Wengi wao siku hizi hufunga begani kifaa kidogo kinachotosha kiganjani. Kifaa hicho hupeleka ujumbe mfupi hadi kwenye setilaiti, nacho kina kitufe kilichofunikwa ili kisibonyezwe kwa bahati mbaya. Aliyevunjika mguu au aliyepotea akikibonyeza, kituo cha zamu hupokea habari zake na mahali alipo, kikawaarifu waokoaji walio karibu naye. Kifaa chenyewe huuzwa kiasi cha dola 300 hadi 400. Lakini kukinunua ni kufungua mlango tu; ndani mna kodi. Mipango ya chini hutoza kiasi cha dola 8 hadi 15 kwa mwezi, na ya juu hufika dola 50. Kwa vifaa vingi vya namna hii, asiyelipa kodi hubaki na kifaa kizima, betri imejaa, mbingu i wazi juu yake, na kitufe kisichoita mtu.

Hapo ndipo suala linapozaliwa. Je, ni haki yowe la mwenye kufa lisisikike kwa kuwa kodi ya mwezi haikulipwa?

Moyo hukimbilia kujibu kuwa si haki. Na kwa upande wa simu za mkononi, kanuni za Marekani zenyewe zimeelekea huko: kampuni za simu hulazimika kuipitisha simu ya dharura, namba 911, hata ikipigwa kwa simu isiyolipiwa huduma yoyote. Kanuni hiyo yakiri jambo ambalo kila kijiji kililijua kabla ya kuwepo simu, kwamba yowe halina mwenyewe. Likishapigwa, linakuwa deni la wote walilisikia.

Hata hivyo haki haisikilizi upande mmoja. Mtandao wa Iridium, unaotumiwa na baadhi ya vifaa hivi, una setilaiti 66 zinazozunguka dunia kiasi cha kilomita 780 kutoka ardhini. Ulianza biashara Novemba 1998 baada ya kumeza mabilioni ya dola. Agosti 1999 kampuni ikatangaza kufilisika, na mali yake hatimaye ikauzwa kwa kiasi cha dola milioni 25. Sikio lile la angani halikutundikwa kwa dua, wala halidumu kwa shukrani. Asiyetaka kulipa chochote ajiulize ni nani atakayelipa pale sikio litakapoziba.

Ila tazama namna malipo yenyewe yalivyogawika. Wengi wa wanaopanda mlima usiku na machela kwenda kumteremsha majeruhi ni watu wa kujitolea, wasiopata hata senti. Katika hifadhi za taifa za Marekani, aliyeokolewa kwa kawaida hadaiwi gharama za kutafutwa. Basi abebaye yowe hulipwa kila mwezi, na abebaye mtu halipwi. Methali zote mbili zimo katika safari moja ya uokozi, na kila moja imepewa kazi yake.

Ipo njia nyingine, nayo watu wa visiwani hawana budi kuijua, kwa kuwa ndiyo isikiayo yowe la vyombo vya baharini. Mwaka 1979, katikati ya uhasama wa vita baridi, Marekani, Umoja wa Kisovieti, Kanada na Ufaransa zilikubaliana kuanzisha mfumo wa setilaiti wa kusikiliza miito ya hatari, uitwao Cospas-Sarsat. Septemba 1982 mfumo huo uliwaokoa watu 3 walioanguka na ndege huko British Columbia, Kanada. Serikali zilizokuwa zimeelekezeana makombora ziliweza kukubaliana kuwa mtu anayezama asiulizwe bendera yake wala mfuko wake. Kifaa cha kubebwa na mtu binafsi katika mfumo huu, ambacho raia wa Marekani waliruhusiwa kukitumia kote nchini Julai 2003, hununuliwa mara moja. Betri yake hukaa miaka 5 au zaidi, na hakidai kodi. Kasoro yake ni kuwa kinajua kupiga yowe tu. Hakiwezi kumwandikia mke au mama: nimechelewa, msihofu.

Kumbe basi, kinacholipiwa kwa mwezi hasa ni mazungumzo, nayo si sawasawa na yowe. Mazungumzo ni bidhaa, na mwenye kuyataka ni haki ayalipie, kama alipiavyo nauli. Yowe si bidhaa. Kosa la biashara hii halimo katika kutoza, bali katika kuvifunga vyote viwili ndani ya furushi moja, hata anayeacha kulipia mazungumzo akanyang'anywa na yowe. Na kwamba furushi hilo laweza kufunguliwa, ushahidi upo. Apple ilipoanza mwaka 2022 kuwawezesha wenye simu zake kuomba msaada kupitia setilaiti, iliahidi miaka 2 bila ya malipo, kisha ikaongeza muda. Lakini hiyo ni hisani, na hisani haina mkataba: aliyeitoa leo aweza kuizuia kesho.

Wapo wasemao kuwa kodi humtia mtu adabu, asipige yowe ovyo. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mwaka 2009, katika Grand Canyon, kikundi kimoja cha watembeao kiliita msaada mara 3 katika safari moja. Mara mojawapo kwa kuwa maji waliyoyapata yalikuwa na ladha ya chumvi. Helikopta ziliruka na marubani wakahatarisha roho zao. Lakini kifaa cha watu wale kilikuwa cha kulipiwa, na malipo hayakuwafunza kitu. Kodi huchuja mifuko, haichuji akili. Jimbo la New Hampshire limeona njia iliyo karibu zaidi na uadilifu: aliyeokolewa kwa uzembe wake mwenyewe aweza kudaiwa gharama baadaye. Hapo kinachotozwa ni uzembe, baada ya roho kuokoka. Umaskini hautozwi kabla.

Limebaki jambo moja, nalo halina bei. Tarehe 26 Aprili 2003, Aron Ralston aliingia peke yake katika korongo la Blue John, Utah. Jiwe likaporomoka likamnasa mkono. Alikaa humo zaidi ya siku 5, mwishowe akaukata mkono wake kwa kisu butu, akatoka. Hata kama angekuwa na kifaa, korongo lile ni jembamba mno, na setilaiti hutaka mbingu iliyo wazi. Kilichokosekana kwake kilikuwa chepesi kuliko kifaa chochote: hakumwambia mtu anakokwenda.

Mvuvi wa pwani anayeshika kasia alfajiri akamwambia jirani yake mwamba anaouendea, ameweka yowe lake akiba kabla hajalihitaji. Huko ndiko kuaga. Mwenye kuaga huacha nyuma yake mtu mmoja mwenye wasiwasi, na wasiwasi huo humtafuta hata pale mitambo iliponyamaza. Wala kuaga hakuwaondolei dhima wenye mitambo, kwa kuwa aliyeaga naye huvunjika mguu, na saa anazosubiri si sawa na saa za anayemsubiri.

Basi methali zile mbili na zikae, kila moja chumbani mwake. Kwenye mazungumzo, mkono mtupu usilambwe. Kwenye yowe, wenye masikio angani na wasikie kwanza, hesabu ifuate mtu akiwa hai.