Fisi hazuiwi na mto

Katika vitabu vingi vya historia, ustaarabu huanza na jembe, chungu, ukuta wa mji na mfalme wa kukusanya kodi. Upendo haumo, huachiwa washairi na waimbaji wa taarabu. Nadhani hesabu hiyo imeanzia njiani, na ushahidi wangu umo katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kwamba humo, mita tatu hivi chini ya sakafu ya leo, alizikwa mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu, yapata miaka 78,000 iliyopita. Wakampa jina la Mtoto. Hakuna kaburi la binadamu wa aina yetu la kale kuliko hilo lililokwisha kupatikana Afrika. Wakati huo hapakuwa na shamba wala chungu, sembuse mfalme.

Tazama alivyolazwa. Ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Mifupa ya sehemu ya juu imekaa kama ya mwili uliofungwa barabara ndani ya kitu kilichooza zamani, pengine majani au ngozi, na kichwa kimeinama kana kwamba kilichokiegemeza nacho kiliozea chini yake. Yaani sanda na mto. Atatokea wa kusema walimfukia tu ili fisi wasimle, au kuepuka harufu. Kwa hayo shimo lingetosha. Fisi hazuiwi na mto. Mto huwekewa mtu ambaye bado ni wako, hata kama hatakulipa kitu.

Pingamizi zito ni jingine: kwamba upendo huchagua wake. Damu nzito kuliko maji, na uzito huohuo ndio unaozaa upendeleo maofisini, ukabila na hata vita. Nakubali, na sitaki kuupaka asali. Ila waliolazimika kuishi na wasio wao hawakuutupa udugu, waliurefusha. Wangoni na Wahehe walipigana vikali katika karne ya 19, kisha wakawa watani. Utani si matusi ya kuchekesha tu, ingawa matusi yamo tele. Una kazi zake, na kubwa huonekana msibani. Utasema amani huletwa na sheria, hofu na biashara. Sawa, vyote hivyo vina sehemu yake, lakini hakuna mkataba unaomtuma mjukuu wa adui wa babu yako aje kukatiza kilio chako kwa mzaha, nawe usiwe na ruhusa ya kukasirika. Mtani huyo hushuka kaburini, akajilaza, akaapa hatoki mpaka apewe chochote. Wafiwa hucheka machozi yakiwa hayajakauka. Akishapewa, hutoka, na maiti hushushwa.