Haki ya Kupima Kilichotikisika

Mtu akisimama Arusha asubuhi na kuutazama Mlima Meru, huona mfano wa kitu kisichohama. Macho humdanganya. Upande wa mashariki wa mlima huo ulianguka zamani za kale, ukaacha pengo kubwa. Na mara ya mwisho ulitoa moto mwaka 1910. Hata ardhi inayoubeba haikutulia. Hujongea kuelekea kaskazini-mashariki kiasi cha sentimita 3 kwa mwaka, polepole kama kucha inavyoota.

Mwendo huu hupimwa kwa vituo vya marejeo, yaani nguzo zilizosimikwa imara, zenye vipokezi vinavyosikiliza setilaiti usiku na mchana. Kila siku mahali pa kituo huandikwa. Siku zikiwa nyingi, mpimaji huchora mstari ulionyooka kati ya alama zote, na mwinamo wa mstari huo ndio kasi ya ardhi. Kasi hizo ni miongoni mwa mambo yanayotumika kukadiria hatari ya matetemeko. Kwa hiyo kosa lake si kosa la karatasi tu.

Sasa lije tetemeko. Nguzo huruka ghafula. Tuseme imeruka milimita 20 mbele katika kumbukumbu ya miaka 4. Asiyeukiri mruko huo, akaigawa safari yote kwa miaka yote, atazidisha kasi kwa milimita 5 kila mwaka. Nalo Bonde la Ufa upande huu hupanuka milimita chache tu kwa mwaka. Kosa limelingana na jambo lenyewe linalotafutwa, au limelishinda. Basi mpimaji mwangalifu huikata kumbukumbu, kabla na baada, na mruko huuandika peke yake.

Hapa pana swali la maadili, kwa kuwa sisi nasi hupima mienendo ya wenzetu. Mtu ameishi kwa uaminifu miaka 20. Akafikwa na msiba, akaiba mara moja. Je, tuutie wizi ule katika maisha yake yote na kumwita mwizi? Au tuufute kana kwamba haukuwako? La kwanza ni dhuluma kwake. La pili ni dhuluma kwa aliyeibiwa. Haki ni kuandika yote mawili, kila moja kwa jina lake.

Yumkini msomaji atauliza: kila mkosaji akidai kuwa aliteleza siku ile tu, nani atahukumiwa? Swali hili ni zito. Mpimaji akikata kumbukumbu kila palipo na alama isiyompendeza, atapata kasi aitakayo, wala si kasi iliyoko. Ndiyo maana mkato hudai shahidi wa pili: tetemeko lililonaswa na vyombo vingine, au kipokezi kilichobadilishwa siku inayojulikana. Udhuru usio na shahidi ni matakwa tu.

Lakini shahidi naye aweza kusema nusu. Mwezi wa Julai 2007 ardhi ilitetemeka siku nyingi karibu na Mlima Gelai, kando ya Ziwa Natron, kiasi cha kilomita 100 kutoka Arusha. Tetemeko kubwa kuliko yote, la tarehe 17, lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Picha za rada kutoka setilaiti zilionyesha ya kuwa ardhi ilisogea kuliko matetemeko yale yalivyoweza kueleza: miamba iliteleza kimya, na mawe yaliyoyeyuka yakajipenyeza chini. Tarehe 4 Septemba Oldoinyo Lengai ukalipuka. Aliyehesabu vishindo peke yake alihesabu sehemu ndogo ya tukio. Vivyo hivyo anguko la mtu aghalabu huanza kabla ya siku lilipoonekana, na msiba tuusikiao si lazima uwe ndio sababu yote.

Tena mkato una gharama. Kumbukumbu iliyokatwa huwa fupi kila upande, na kasi itokayo katika siku chache haitegemeki. Zaidi ya hayo, baada ya tetemeko kubwa ardhi huweza kuendelea kujongea kwa miezi au miaka kabla ya kurudia mwendo wake. Mpimaji hulipa gharama hiyo kwa kungoja. Na sisi sharti tuilipe: aliyeteleza tusimtakase leo wala tusimlaani leo, bali tumpe miaka mingine ya kuandikwa, na sisi tuwe na subira ya kuiandika.