Msimnyime Mtoto Mkampa Kuku

Ndugu zangu, nendeni mkasimame kwenye mashine ya kukoboa mahindi, mtazame yanayotoka. Huku zinatoka punje nyeupe, zikasagwe sembe ya watoto. Kule zinamwagika pumba pamoja na kiini, zifungwe kwenye gunia la kuku na nguruwe. Mwana mpotevu alitamani maganda ya nguruwe kwa sababu ya njaa. Sisi tunalipa fedha ili nguruwe wapate kilicho bora!

Katika pumba hizo mna chuma na zinki. Mahindi yakikobolewa hadi kiini kikatoka, zaidi ya nusu ya madini hayo huenda nacho. Ni kidogo kwa uzito: mwanamke huhitaji miligramu 8 za zinki kwa siku, na mjamzito miligramu 27 za chuma. Kiganja hakiwezi kuzihisi. Lakini mtoto akiikosa zinki hudumaa, kuhara humrudia, kidonda chake huchelewa kupona. Mama akikosa chuma, damu humpungukia akaenda kujifungua akiwa dhaifu. Kiini ndicho akiba ambayo Mungu aliiwekea mbegu ichipue, nasi tunakitoa kwa ajili ya rangi!

Msiniambie sembe ndiyo heshima ya mgeni. Heshima gani hiyo, iliyomdumaza mwenyeji?

Mtanijibu kwamba dona, unga usiokobolewa, huharibika upesi, na kwamba sumukuvu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini. Ni kweli, tena kweli nzito. Basi anikeni mahindi yakauke barabara, chambueni punje zenye ukungu mzitupe, hata kuku msimpe, na msage unga wa siku chache badala ya debe zima. Tena kiini hichohicho kina faiteti, ambayo huyakamata madini tumboni yasifyonzwe. Bibi zetu hawakuijua kwa jina, lakini waliipunguza nguvu kwa kimea cha ulezi na uji uliolala ukachachuka. Togwa lile! Kwa nini limebaki kinywaji cha sherehe, na mtoto anayeacha ziwa anapewa uji wa sembe na sukari?

Tangu 2011 Tanzania ina kanuni za kurutubisha unga viwandani, nami nashukuru. Ila wengi wetu twala unga wa mashine ya mtaani, na huko mara nyingi hakuna wa kutuongezea kitu.

Na kwenye mboga ya ugali pia msipoteze madini: dagaa wapikwe wazima, na vichwa vyao. Chai ya rangi isiletwe pamoja na maharage, maana huzuia chuma. Ingojeeni saa moja. Mchicha ukamulieni ndimu mezani, chuma chake kiingie mwilini.

Na kesho mtoto akitumwa mashineni, mfundisheni aseme: yasikobolewe. Ugali ukija mezani haukutakata kama mlivyozoea, baba awe wa kwanza kumega tonge.